Kichaka Kilichoota kwa Mistari

Nimestaafu kabla sijaota mvi hata moja. Daktari aliandika kwamba goti langu la kushoto halitakunjika tena, na askari wa wanyamapori asiyeweza kuchuchumaa hawezi kusoma nyayo. Asiyesoma nyayo atafanya nini porini? Atatembea tu, kama mgeni wa serikali. Basi nimerudisha bunduki, buti, koti la mvua na filimbi. Filimbi nilitamani kubaki nayo, lakini niliogopa kuomba.

Ninyi vijana mnaoingia kazini mmeniomba niwaandikie miaka yangu. Baadhi yenu mnanizidi umri, kwa hiyo neno hilo "vijana" lipokeeni kwa upole. Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikuvipata, na mshahara mnaujua. Nitaandika habari za tohe, wale swala wa nyasi za bonde letu, na kichaka kilichowafukuza, kwa sababu mpaka leo nikifumba macho nakiona na kushtuka, na kwa sababu ninyi mtakutana nacho kwingine. Mwandiko mniwie radhi. Ukurasa huu nimeuanza mara nyingi. Nikiona herufi imeinama nauchana, na mama yangu ameshanionya kwamba karatasi siku hizi ni adimu kama sabuni, zikiisha nitaandika ukutani.

Kazi hii sikuisomea. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani Kasense nikilima na baba, mpaka alipopita Mzee Kastori akitafuta mtu wa kumbebea mizigo. Kastori alikuwa askari wa wanyamapori wa upande wa njia ya Msanzi, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kitambaa ambayo mvua na jua vilikuwa vimeifuta rangi. Watu walimwita Bwana Nyama, kama wanavyowaita wote wa kazi yetu. Kabla serikali haijampa bunduki alikuwa mwindaji wa nyavu, wala hakuficha.

"Serikali ina akili," aliniambia njiani. "Ilimkamata mwizi wa kuku ikampa ufunguo wa banda. Tangu hapo sijapata usingizi."

Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye bonde lililo chini ya kijiji chetu. Wenzetu waliotoka mikoa ya misitu hushangaa wakifika Ufipa: nyasi, upepo, nyasi tena, na mti mmoja umesimama mbali kama umesahauliwa. Bonde lile lilikuwa na kijito katikati, na kando ya kijito nyasi zilifika kifuani. Nilikuwa nyuma ya Kastori na mzigo kichwani, nikihesabu makosa ambayo bado sijayafanya. Ghafla nikasikia mtu ananipigia mluzi, mkali, wa kuamuru. Nikasimama wima.

"Naam, mzee! Nakuja!"

Kastori aligeuka akaniangalia. Kisha akakaa chini kwenye nyasi, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Umemwitika tohe," alisema alipopata pumzi. "Ni tohe yule, bwana mdogo. Akishtuka hupiga mluzi kwa pua. Wewe hujamwona, yeye amekuona tangu ulipofunga mlango wa kwenu." Akajifuta machozi. "Lakini umeanza vizuri. Wengine huanza kwa kumpiga risasi."

Habari ile ilifika kijijini kabla yetu, sijui kwa njia gani. Kwa miaka iliyofuata watu wakiniona walisema, "Deo, leo hujaitwa?" Nilicheka nao. Nikifika chumbani nilikuwa sicheki. Mimi ni mtu ambaye kosa moja hulala naye kitanda kimoja.

Kwa hiyo niliamua kujifunza kila kitu. Chuo sikuwa nacho, nikajitengenezea. Nilichukua udongo wa mfinyanzi, nikaukanda, nikauminya kwenye nyayo nilizozikuta njiani, nikaukausha jikoni kwa mama. Chini ya kitanda changu nilikuwa na kwato za tohe dume, tohe jike, pongo, nguruwe pori, vidole vya nungunungu, na mguu mmoja wa chui ambao mama alikataa kulala nao nyumba moja. Kila jioni niliwasha kibatari nikavishika kwa vidole huku nimefumba macho, nikijiuliza huyu nani, huyu anakwenda wapi. Nikikosea, naanza upya. Kastori alivikagua siku moja, akatikisa kichwa.

"Unajua miguu tu," alisema. "Usiniambie umeona tohe. Niambie alikuwa anakula nini, alilala wapi, na ukimshtua atakimbilia wapi. Hayo ndiyo tohe. Miguu ni viatu vyake tu."

Akanionyesha. Tohe hula nyasi, na hupenda zile changa zinazochipua baada ya moto. Mchana hulala kwenye nyasi ndefu, lakini si ndefu za kumziba macho. Hutaka akiinua kichwa aone adui anakotoka. Hakai mbali na maji. Bonde letu lilikuwa na hivyo vyote, ndiyo maana asubuhi kijiji kizima kiliamka kwa miluzi.

Kijiji kilikuwa kipya. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini, na watu waliokuwa wametawanyika vilimani walikuwa wamekusanywa kwenye mgongo mmoja juu ya bonde, nyumba kwa nyumba. Chini ya nyumba palikuwa na shamba la ujamaa, mahindi matupu, likishuka mpaka karibu na kijito. Lilizungukwa pande tatu na ua wa miti ya miiba. Mwenyekiti wetu, Fortunatus, alikuwa ameleta vijiti vyake kutoka bomani Sumbawanga, ambako vilipandwa kando ya ofisi kwa urembo. Maua yake ni madogo, ya njano na nyekundu kwenye kichwa kimoja. Ukifikicha jani linatoa harufu kali inayokaa mkononi hadi kesho. Mbuzi halitaki. Ukichomeka kijiti ardhini wakati wa mvua, kinashika. Vitabu vinauita mmea huo lantana. Sisi tuliyaita maua ya bomani.

Ua ule niliupenda. Naungama, niliupenda kuliko mtu wa kazi yangu anavyopaswa kupenda mmea. Ulinyooka. Wageni kutoka wilayani walikuja kuuona, wakasema kijiji hiki ni cha mfano, na Fortunatus akatembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Masika ya mwaka wangu wa pili, mimi na Kastori tulitumwa kushuka upande wa Ziwa Rukwa, ambako viboko walikuwa wanaharibu mashamba. Tulirudi mvua zinaisha. Tukakuta ua umekatwa vizuri kwa ajili ya ziara nyingine, na kijiji kimeongeza shamba: upande wa chini, mpaka ukingo wa kijito, palikuwa na ntumba mpya. Mgeni asiyejua Ufipa nimweleze. Sisi hatuchomi majani yote wala hatuyatupi. Tunayakata, tunayakusanya, tunayafunika kwa udongo kwa jembe, tunafanya vichuguu vya mviringo kwa mistari. Majani yanaoza ndani, yanakuwa mbolea. Ndizo ntumba. Mtoto wa Kifipa anajua kuzipiga kabla hajajua kusoma.

Kastori alisimama juu akaziangalia. "Wamewachukulia tohe sebule," alisema. "Haya. Vyumba vimebaki."

Maharage yaliyopandwa juu ya ntumba zile hayakustawi. Maua ya bomani yalichipua katikati yake, yakayazidi nguvu, watu wakapaacha. Kila mtu alisema ni ndege: ndege wanakula vitunda vile vyeusi, wanakwenda kunya bondeni, mbegu zinaota. Ni kweli ndege hufanya hivyo. Mimi mwenyewe niliandika hivyo kwenye ripoti, kwa mwandiko mzuri sana. Baada ya misimu miwili mitatu ya mvua, chini ya shamba palikuwa pamefungwa ukuta wa kijani wenye maua, kutoka ncha moja ya ua hadi ncha nyingine, na kijito kikapotea ndani yake. Fortunatus alifurahi. "Mungu ametumalizia upande wa nne," alisema.

Kisha miluzi ikanyamaza.

Haikunyamaza siku moja. Asubuhi moja ilikuwa michache, nyingine mmoja, halafu ukapita msimu mzima nikagundua nimeamshwa na jogoo. Na wakati huohuo nguruwe pori wakaanza kula mahindi. Hawakula kidogo. Walilaza mistari mizima, wakatafuna nusu ya hindi na kutupa nusu, kama watu waliokuja harusini bila kualikwa. Shamba lile lilikuwa chakula cha kijiji kizima. Watu waliokwisha kuacha mashamba yao ya zamani vilimani hawakuwa na lingine.

Mkutano uliitishwa. Aliyesimama kwanza ni Mama Leokadia, balozi wa nyumba kumi, mwanamke mwenye mabega ya kulima na ulimi usiopumzika.

"Bwana Nyama," alisema, "zamani tohe walikuwa wananiamsha. Siku hizi naamshwa na mume wangu anavyokoroma. Tohe wako wapi?"

"Wamehama," alijibu Kastori.

"Wamehamia tumboni kwa nani?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, kisha nikaona nyuso zao hazichezi.

"Subirini, sijamaliza," aliendelea. "Serikali imekuweka ulinde tohe, utuulie nguruwe. Tohe wamekwisha, nguruwe wamejaa. Mtu anayefanya kazi yake kinyumenyume tumwiteje? Na hiyo ngozi unayolalia ni ya mbuzi?"

Ilikuwa ya tohe. Kila mtu aliijua. Kastori alikuwa nayo tangu enzi za nyavu. Alivua kofia, akaikunja, akasema taratibu, "Ngozi hiyo ina umri mkubwa kuliko mwanao wa kwanza, Leokadia."

"Ngozi haina cheti cha kuzaliwa," mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Fortunatus aliinua mkono. Hakuwa mtu mbaya. "Mzee Kastori, sisi hatukuhukumu. Lakini watu wana njaa, na njaa inataka jina. Tukishavuna kilichobaki, kama hujatuonyesha tohe wamekwenda wapi, itabidi niwaambie wilayani. Watakuja na gari."

Mnazijua siku hizi. Gari la wilayani likija kumchukua mtu, halina haraka ya kumrudisha.

Tukatoka. Kastori alitembea mbele yangu, na mimi nyuma nikafanya jambo ambalo siwezi kuliacha bila kulisema: nikamshuku. Nilikuwa nimelala kibanda kimoja naye porini, nikanywa maji kwenye kibuyu chake. Bado, usiku ule nilipopita kwake nikaiona ile ngozi kitandani, nikaanza kuiona kama mpya. Nikachungulia manyoya yake kama yana damu. Hofu ni fundi. Inaweza kukutengenezea kitu chochote.

Nikaamua nitafute ukweli kwa njia ninayoijua. Nguruwe wanaingia wapi? Nikazunguka ua wote kwa mikono na magoti, nikaziba kila tundu kwa miiba, hata tundu la kupita panya. Kastori alinikuta nikipanga miiba upya kwa sababu haikukaa sawasawa.

"Unamsukia nguruwe nywele?" aliuliza.

Sikujibu. Nikachukua tawi la majani, nikafagia udongo wa nje ya ua kuzunguka shamba lote, mpaka ng'ambo ya kile kichaka cha bondeni, ukawa laini kama unga. Yeyote atakayeingia atauandika mguu wake pale. Nilikwenda kulala nimechoka na nina furaha kidogo.

Asubuhi nilikimbia kwenda kuangalia. Ndani ya shamba mahindi yamelala, nyayo za nguruwe kila mahali, wakubwa na watoto. Nikatoka nje ya ua. Udongo wangu ulikuwa safi. Nikazunguka wote. Safi. Alama za njiwa, basi. Nikafagia tena, nikarudi kesho yake, ikawa vilevile. Nguruwe walikuwa wanakula shamba bila kuingia.

Mnajua watu walisema nini. Wengine walisema uchawi. Wengine walisema hao ni nguruwe wa miguu miwili, na Bwana Nyama anawachorea nyayo kwa kwato za udongo za yule kijana wake. Ndiyo, zile za chini ya kitanda changu.

Kastori aliendelea kusema wanatoka msitu wa Mbizi, kama walivyotoka siku zote, na kwamba mimi ninafagia vibaya. Alikuwa amekosea, na mimi pia. Sote tulikuwa tunaangalia nje.

Siku iliyofuata tuligawana. Yeye alikwenda upande wa juu, mimi chini, ndani ya shamba, nikifuata ukingo wa kile kichaka. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilikuwa nikichezea filimbi mdomoni, tabia mbaya ya wasiwasi, ikaniponyoka ikabingirika chini ya majani. Nikalala kifudifudi kuitafuta.

Pale chini, kwa mtu aliyelala, kulikuwa na mlango.

Ukisimama huuoni, matawi yenye maua yanainama yanaufunika kama sketi. Ukilala unaona njia ya duara, kimo cha goti, imesuguliwa laini pande zote kama ukuta uliosilibwa, inaingia gizani. Kando yake magunzi ya mahindi. Hawakuwa wakiingia shambani, ndugu zangu. Walikuwa wanaishi ndani ya ua. Tulijenga ukuta wa kuwazuia, wakahamia ndani ya ukuta. Humo kulikuwa na kivuli, kulikuwa na kijito, hakuna mbwa anayepenya ile miiba, na chakula kilikuwa mlangoni. Watoke nje kufuata nini?

Ningepaswa kumwita Kastori. Lakini nilitaka niwe na hakika kwanza, nisije nikaitika tohe mara ya pili. Nikaweka filimbi mdomoni, nikaiacha bunduki kwa kuwa isingepita, nikaingia kwa viwiko.

Ndani hapakuwa na jani hata moja la nyasi. Udongo mtupu, mweusi, na vijiti. Nikakumbuka maneno ya Kastori: anakula nini, analala wapi, anaona nini. Tohe asingeweza kula pale, wala kulala, wala kuona hatua mbili mbele. Hakuna aliyewala. Bonde lao lilikuwa limefungwa kama duka. Na nilipokuwa nikitambaa niliona mwili wangu unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Kifua juu, kifua chini. Nikafikiri ni vichuguu vya mchwa. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, jinsi mwanga ulivyokuwa ukipenya. Vichuguu vilikuwa vimejipanga. Kwa mistari.

Nilikuwa natambaa juu ya ntumba.

Nikashika shina moja lililoota kileleni pa kichuguu, nikalivuta. Udongo ulikuwa tifutifu, likatoka lote. Mwisho wake wa chini haukuwa na mzizi mkuu kama wa kitu kilichoota kwa mbegu. Ulikuwa umekatwa kwa upande, mkato mmoja safi wa panga, na kutoka kwenye mkato na kila fundo mizizi ilikuwa imetoka kama ndevu. Hawakuwa ndege. Ulikuwa ule ua. Waliukata kwa ajili ya wageni, wakakusanya matawi, wakayafukia kwenye ntumba yaoze, kama mama zetu na bibi zetu walivyofukia majani yote tangu dunia iumbwe. Ila haya hayakuoza. Yalikuwa yamepandwa. Kijiji kizima, kwa bidii, kwa mistari, kimepanda kichaka.

Sijui nilikaa hapo muda gani na kile kijiti nilichong'oa mkononi. Kisha nikasikia pumzi ambayo haikuwa yangu.

Walikuwa wamelala mbele yangu, karibu kama kitanda na kitanda, majike na watoto wao wenye mistari mgongoni. Jike moja likaguna. Kila kitu kikalipuka. Wote walikimbia kunipita, juu yangu, kando yangu, isipokuwa dume. Dume halikukimbia. Nilijigeuza nitoke, na nyuma ya goti nikahisi kitu kama maji ya moto. Nikapuliza filimbi. Niliipuliza mpaka nikaacha kusikia.

Kastori aliingia kwa tumbo, umri ule, na panga mkononi, akanivuta kwa kola ya shati. Alikuwa anasema maneno yaleyale tu, "Nimekusikia, mwanangu. Nimekusikia." Mwenye lori mmoja wa mjini, Mwislamu, aliyekuja kununua maharage, alishusha magunia yake barabarani akanipeleka hospitali Sumbawanga bila kuuliza. Muuguzi alinifungua vidole kwa nguvu. Bado nilikuwa nimeshika kile kijiti.

Mkutano ulisubiri nitoke. Ulikuwa msimu wa upepo, watu wamejifunika mablanketi, na mimi nimeegemea magongo. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi. Nilikuwa nimekariri maneno yangu hospitalini, na nilipofungua mdomo yote yakapotea. Nikakiinua tu kile kijiti.

"Hiki nimekitoa kwenye ntumba," nikasema. "Angalieni chini yake."

Kikapita mkono kwa mkono. Kilipofika kwa Mama Leokadia, alikigeuza, akakinusa, akapitisha kidole gumba kwenye mkato.

"Hiki tulikifukia sisi," alisema. "Mstari wa kwanza kutoka juu niliupiga mimi. Nikasema, majani haya yana mafuta, yatatoa mbolea nzuri." Akainua macho. "Mwenyekiti, lile gari likija, litamchukua nani? Mimi na jembe langu?"

Fortunatus alikuwa amejiinamia. Ua ule ulikuwa sifa yake, na sasa ilibidi aseme kwa mdomo wake mwenyewe ung'olewe. Alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisema. "Na Mzee Kastori, gari halitakuja."

Kastori alivaa kofia yake. "Kama litakuja," alisema, "libebe nguruwe."

Siku ya msaragambo, kijiji kizima kazini pamoja, nilikaa kwenye kigoda, mguu umenyooka mbele kama mpini. Kwanza watu waliwategea nguruwe nyavu za zamani ambazo Kastori aliapa kwamba hanazo, kisha wakaanza kukata. Na hapa ndipo nilipopata mshtuko ulionizidi hata ule wa dume. Wanawake walikata matawi, wakayakusanya, na bila mtu kuamuru, majembe yakaanza kuvuta udongo juu yake. Watu waliokwisha kukiona kijiti kwa macho yao. Watu waliokishika mkutanoni. Mikono ilikuwa inapiga ntumba.

"Acheni!" nilipiga kelele, sauti ikapasuka. "Mnafukia! Mnapanda tena!"

Mama Leokadia aliangalia jembe lake kama kitu cha mtu mwingine. Akalitupa chini. "Mungu wangu," alisema. "Mkono haukuwepo mkutanoni."

Basi kila shina likang'olewa na mizizi, kila tawi likapandishwa juu ya miamba mtu na mzigo wake, likakauka juani, likachomwa. Ilichukua kiangazi chote. Bado vichipukizi vinatoka, na bado wanang'oa. Mkienda mahali mkakuta maua hayo, msiulize kwanza nani kala wanyama. Lalini chini muangalie.

Tohe hawakurudi tulipomaliza. Nilidhani watarudi siku hiyohiyo, kama wageni waliosubiri nje. Kastori alifuata nyayo akakuta dalili za wachache mbali, juu ya mawe, kusiko na nyasi za maana, wakisumbuliwa na mbwa. Alirudi kila jioni kuniambia, amesimama mbele ya mlango wangu kama mimi ndiye mkubwa wake: "Leo hakuna, bwana mdogo." Kijijini hakuna aliyemtaja tena kwa wizi, lakini hakuna aliyemtania pia, na kwetu mtu asiyetaniwa bado yuko kizimbani. Mama Leokadia alikuwa akipishana naye njiani anasema shikamoo na kuangalia chini. Hilo lilimuuma kuliko gari.

Mvua hizi zilipoanza nyasi ziliota bondeni, kwanza kwa madoa ya mviringo pale ntumba zilipokuwa, kisha zikaungana. Wiki ile niliporudisha vifaa vyangu, niliomba nipelekwe ukingoni. Watu walikuwa wanapalilia shambani, juu yetu. Kastori alikuwa kando yangu, amesimama, anatafuna jani.

Mluzi ukatoka bondeni. Mkali, wa kuamuru.

Nilifungua mdomo kuitika, nikaukamata kwa mkono. Juu majembe yote yalisimama. Kastori hakutikisika, jani lilibaki limening'inia mdomoni. Nikamwona Mama Leokadia akinyoosha mgongo, mkono kiunoni, akivuta pumzi ya mtu aliyekaa na maneno kifuani muda mrefu.

"Bwana Nyama!" alipaza sauti, bonde zima likasikia. "We Bwana Nyama! Unaitwa!"

Watu wakaangua kicheko. Kastori alivua kofia, akaishika kifuani, na ulipokuja mluzi wa pili akaitika.